Maktaba iliyowalea Wright, Abrahams na Ngũgĩ, na rafu yetu ya Kiswahili

WENGI wetu tunaijua maktaba kama chumba cha kujiandalia mitihani. Mwanafunzi huingia na daftari lake kwapani, hutafuta kiti karibu na dirisha, husoma noti zake mwenyewe kutwa nzima, kisha hutoka jioni bila kugusa hata kitabu kimoja cha rafuni. Hatumlaumu. Ndivyo alivyozoezwa tangu shule ya msingi. Hata hivyo, historia ya fasihi ina ushahidi mwingi kwamba rafu hizo anazozipita zimewahi kubadilisha maisha ya watu wasiokuwa na pesa, wasiokuwa na jina na, mara nyingine, wasiokuwa na ruhusa ya kuzikaribia.

Katika makala ya leo tutawafuata watu watatu hadi maktabani: Richard Wright wa Marekani, Peter Abrahams wa Afrika Kusini na Ngũgĩ wa Thiong'o wa hapa kwetu. Wote watatu walikulia katika umaskini na ubaguzi wa rangi. Wote walikuja kuwa waandishi wanaosomwa kote ulimwenguni. Na kila mmoja ameandika tawasifu inayoeleza alivyokutana na vitabu, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha. Baada ya hapo tutarejea kwenye rafu yetu ya Kiswahili tuone imebeba nini.

Hoja yangu ni moja. Maktaba humpa msomaji vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni hadithi zenyewe, na hicho hukitaja kila tunapowahimiza watoto wasome. Cha pili ni maisha ya watu waliozitunga hadithi hizo, na hicho huwa tunakisahau. Msomaji anayekutana na hadithi peke yake hubaki msomaji. Anayegundua kwamba mtunzi wake alikuwa mtu wa kawaida, mwenye njaa, deni na mashaka kama yake, huanza kujiuliza: kwani mimi nina upungufu gani?

Kadi ya kuazima

Richard Wright alizaliwa mwaka 1908 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Babake aliitoroka familia, mamake akaugua kwa miaka mingi, na masomo yake yakaishia darasa la tisa. Mwaka 1925, akiwa kijana wa miaka 17, alihamia mji wa Memphis akapata kazi ya utarishi katika kampuni iliyohusika na miwani.

Siku moja alisoma katika gazeti tahariri iliyomshambulia vikali mwandishi mmoja aitwaye H. L. Mencken. Wright alishangaa. Alijua kwamba wazungu wa Kusini huwachukia watu weusi, lakini huyu Mencken alikuwa mzungu mwenzao. Sasa kafanya nini hata alaaniwe hivi? Akataka kuvisoma vitabu vyake ajionee mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Maktaba ya mji ilikuwapo, tena kubwa, lakini mtu mweusi hakuruhusiwa kuazima kitabu. Aliruhusiwa kuingia tu iwapo ametumwa na mzungu kumchukulia vitabu. Wright akawachunguza wazungu aliofanya nao kazi, mmoja mmoja, akitafuta asiyeweza kumsaliti. Akamchagua mmoja mwenye asili ya Ireland, Mkatoliki, ambaye naye alidharauliwa na wenzake kwa sababu ya dini yake. Mtu huyo alikubali kumpa kadi.

Basi Wright akaandika kijikaratasi kwa jina la mwenye kadi kuomba vitabu vya Mencken. Ndani ya karatasi hiyo alijitaja kwa lile tusi ambalo wazungu wa Kusini walizoea kuwaita watu weusi, ili mkutubi asije akadhani kwamba aliyekiandika ndiye aliyekileta. Mkutubi alimtilia shaka, akataka kujua kama vitabu hivyo si vyake yeye mwenyewe. Wright akajibu kwamba hajui kusoma. Fikiria hilo, ndugu msomaji: mtu ambaye angekuja kuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa karne ya 20 alilazimika kudai kuwa mbumbumbu ndipo apewe kitabu.

Kitabu alichokianza usiku ule hakikuwa riwaya. Kinaitwa A Book of Prefaces, kilichapishwa mwaka 1917, na kinawazungumzia waandishi akiwamo Joseph Conrad na Theodore Dreiser. Kwa maneno mengine, mlango wa kwanza ambao Wright aliuingia ulikuwa mlango wa maisha na kazi za watunzi. Humo alikutana na majina mengi asiyoyajua hata kuyatamka. Anasema kwamba kilichomshtua zaidi ni jinsi Mencken alivyopigana kwa maneno, akiyatumia kama silaha. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba jambo hilo linawezekana.

Kuanzia hapo alisoma kama mtu aliyekuwa na kiu ya miaka. Alisoma Main Street ya Sinclair Lewis, na ghafla akamwelewa bosi wake mzungu, kwa kuwa mtu wa aina ile alikuwa ndani ya kitabu. Alisoma Jennie Gerhardt na Sister Carrie za Dreiser, na mateso ya wanawake waliomo yakamkumbusha mateso ya mamake. Vitabu alivifunga kwa magazeti ili watu wasivione. Mwaka 1927 aliondoka Memphis akaenda Chicago. Mwaka 1940 akatoa Native Son, na mwaka 1945 akatoa Black Boy, tawasifu inayosimulia kisa hicho chote cha kadi.

Tunaona nini hapa? Wright hakufundishwa na mwalimu yeyote kuvipenda vitabu hivyo. Hapakuwa na mtihani mbele yake. Alichokuwa nacho ni swali moja lililomkera na jengo lililokuwa na jibu. Ubaguzi ulilifunga jengo hilo, naye akalifungua kwa kadi ya mtu mwingine.

Kutoka kwa fuawe hadi kwa Du Bois

Peter Abrahams naye alizaliwa mwaka 1919 katika kitongoji cha Vrededorp, Johannesburg. Babake alikuwa mtu wa Ethiopia na mamake alitoka katika jamii ya machotara. Baba alifariki mapema na watoto wakatawanywa kwa jamaa. Abrahams alifika umri wa miaka 11 hivi bila kujua kusoma wala kuandika, akifanya vibarua katika karakana ya mhunzi.

Katika karakana hiyo palikuwa na msichana Myahudi aliyekuwa karani. Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, alimsomea Abrahams kisa cha Othello kutoka Tales from Shakespeare, kile kitabu cha mwaka 1807 ambamo Charles Lamb na dadake Mary waliziandika upya tamthilia za Shakespeare kama hadithi za watoto. Kijana aliposikia kwamba shujaa wa hadithi ni mtu mweusi, na kwamba kisa kama hicho kimefungiwa ndani ya kitabu, akaazimia kwenda shule. Akaenda. Baadaye kitabu hicho cha Lamb kikawa miongoni mwa mali zake za kwanza kabisa.

Lakini tukio kubwa zaidi lilikuwa bado. Abrahams alipokuwa kijana aliingia katika Bantu Men's Social Centre, kituo cha kijamii kilichoanzishwa Johannesburg katika miaka ya 1920 kwa juhudi za wamishonari Wamarekani. Humo alisikia santuri ya Paul Robeson ikiimba, na humo akaiona rafu iliyowekewa fasihi ya Wamarekani weusi. Akachukua The Souls of Black Folk, kitabu cha W. E. B. Du Bois kilichotoka mwaka 1903. Katika tawasifu yake, Tell Freedom ya mwaka 1954, anaeleza kwamba Du Bois aliyasema waziwazi yale ambayo yeye alikuwa akiyahisi moyoni muda wote bila kuwa na maneno ya kuyasema. Baada ya Du Bois akawasoma Booker T. Washington, Langston Hughes, Countee Cullen, Claude McKay na wengineo.

Hebu tulipime jambo hili vizuri. Abrahams alikuwa tayari amekisoma Kiingereza na kuwapenda watunzi wake, akiwamo Keats. Hao walimfundisha kwamba maneno yanaweza kuwa mazuri. Hawakuweza kumfundisha kwamba mtu wa rangi yake anaweza kuyaandika. Hilo alilipata kwenye rafu moja tu, katika jengo moja tu la Johannesburg. Rafu hiyo ingekosekana, huenda tungekuwa na mpenzi mmoja zaidi wa mashairi ya Kiingereza, na tusiwe na Mine Boy.

Abrahams aliihama Afrika Kusini mwaka 1939 akifanya kazi melini, akafika Uingereza mwaka 1941. Mine Boy, riwaya kuhusu mchimbaji migodi aitwaye Xuma, ilitoka mwaka 1946. Wakenya wengi waliosoma sekondari wanaikumbuka, maana ilisomwa sana katika shule zetu. Na uhusiano wake nasi hauishii hapo. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa waandalizi wa Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah, George Padmore na Jomo Kenyatta. Mwaka 1952 alizuru Kenya akakutana tena na Kenyatta, kabla tu ya hali ya hatari kutangazwa. Baadaye alihamia Jamaica, na huko ndiko alikofariki mwaka 2017.

Simba wawili wa Nairobi

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1931 ilifunguliwa jijini Nairobi Maktaba ya McMillan, lile jengo la nguzo nyeupe lenye sanamu za simba wawili mlangoni. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Kwa miaka 27 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi walianza kuruhusiwa mwaka 1958, na mwaka 1962 jengo likakabidhiwa baraza la jiji. Mtoto wa Pumwani aliyezaliwa mwaka ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima wa miaka 27 ndipo akaruhusiwa kuupita mlango huo. Umri wa kuvutiwa na vitabu ulikuwa umempita zamani.

Tukiyaweka haya kando ya Memphis, tunaona ni sheria ileile katika mabara mawili. Mtawala alijua maktaba ni kitu gani. Asingejisumbua kuweka bawabu kwenye mlango usiokuwa na maana.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1938, hakupitia mlango wa McMillan. Alipitia maktaba ya shule. Mwaka 1955, katikati ya vita vya Mau Mau, alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance. Nduguye alikuwa msituni. Alipotoka likizo muhula wa kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji kipya cha hali ya hatari. Katika hali kama hiyo, maktaba ya Alliance ilikuwa dunia nyingine. Ameeleza katika In the House of the Interpreter jinsi alivyoisoma na jinsi Tolstoy, alipoandika kuhusu utoto na ujana wake, alivyomtia hamu ya kuandika juu ya utoto wake yeye. Mwaka 1957 jarida la shule likachapisha kisa chake kifupi, I Try Witchcraft.

Angalia tena mtindo uleule. Kilichomsukuma Ngũgĩ kushika kalamu ni masimulizi ya maisha ya mtunzi. Mwana wa mkulima asiyekuwa na ardhi aliyasoma maisha ya mwana wa kabaila wa Urusi, akaona kwamba utoto ni jambo linalostahili kuandikwa, hata utoto wa Limuru. Baadaye, akiwataja waliomfungulia njia, amewataja Peter Abrahams na George Lamming wa Barbados. Kwa hivyo tuna mnyororo: Du Bois akasomwa na Abrahams huko Johannesburg, Abrahams akasomwa na Ngũgĩ huku Kenya, na Ngũgĩ akasomwa na kizazi kizima cha Waafrika baada ya Weep Not, Child kutoka mwaka 1964.

Lakini Ngũgĩ huyohuyo ndiye aliyetupatia onyo. Katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986 anasema kwamba vitabu vya maktaba za shule za kikoloni vilimfanya aishi na akina Oliver Twist na Jim Hawkins kama marafiki wa kila siku, huku lugha ya Kigĩkũyũ na ngano za jioni alizozipenda zikisukumwa nje ya darasa. Maktaba ilimfungulia dunia na papo hapo ikamfundisha kwamba dunia hiyo haikumo nyumbani kwao. Ndiyo maana mwaka 1968 yeye, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Ndiyo maana pia, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni. Tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ilitoka mwaka 1982. Ngũgĩ alituaga mwezi Mei mwaka 2025.

Onyo hilo haliifuti hoja yetu, linaikamilisha. Haitoshi mlango wa maktaba kuwa wazi. Lazima tuulize pia rafuni mna nani.

Rafu ya Kiswahili

Riwaya za kigeni zilianza kuingia kwenye rafu ya Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Katika miaka ya 1920 na 1930, Frederick Johnson, ambaye mwaka 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alishughulikia tafsiri za vitabu maarufu vya Kiingereza. Ndipo tukapata Kisiwa chenye Hazina ya Stevenson, Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard na Safari za Gulliver ya Jonathan Swift. Dhamira ya kikoloni ilikuwamo, hasa kwa Haggard, lakini wasomaji wetu hawakuwa mabwege. Walichukua walichokitaka. Wahakiki wengi wameona athari ya Gulliver katika Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, ambamo nchi ya kubuni inatumiwa kuushtaki utawala dhalimu.

Mwaka 1948 liliundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Nairobi. Mbali na kuchapisha, shirika hili lilisambaza vitabu kwa masanduku hadi mashambani na kuwaazimisha wasomaji kwa posta. Pia liliandaa mashindano ya uandishi. Katika shindano la mwaka 1957/58 mshindi alikuwa Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960 kama Mzimu wa Watu wa Kale. Yeyote aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes atamtambua mara moja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na Najum akiwa pembeni kama Daktari Watson. Lakini mahali ni Unguja, na lugha ni Kiswahili cha Unguja chenye utani na methali zake. Hivyo ndivyo msomaji mzuri anavyolipa deni la maktaba.

Na zile habari za maisha, je? Hapa tuna hazina kuliko tunavyodhani. Mapema katika karne ya 20, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliacha maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1934 James Mbotela, aliyetoka katika ukoo wa watumwa walioachwa huru Frere Town, Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja, unaisikia biashara ileile kutoka kwa aliyenufaika na kutoka kwa kizazi cha walionunuliwa. Sijui ni walimu wangapi wa historia wanaowapa wanafunzi nafasi hiyo, na vyote viwili viko katika lugha wanayoielewa.

Halafu kuna Shaaban Robert mwenyewe. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi. Hakuwa profesa. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni aliyeandika baada ya saa za kazi. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini anatueleza kuhusu ndoa, kufiwa na mke, uhamisho wa kikazi, ubaguzi alioupitia, na humo amezitia tenzi mbili alizowatungia watoto wake, Utenzi wa Adili na Utenzi wa Hati. Kisha katika Wasifu wa Siti binti Saad wa mwaka 1958 akamwandikia mwimbaji aliyeanza kwa ufinyanzi na kuuza vyungu, akaishia kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mwandishi wetu mkuu kabisa aliona kwamba maisha ya mwanamke maskini asiyejua kusoma yanastahili kitabu kizima.

Karibu na wakati wetu kuna Nasikia Sauti ya Mama ya marehemu Kenneth Walibora, mtunzi wa Siku Njema. Maelfu ya Wakenya waliisoma Siku Njema shuleni. Waliokwenda mbele wakayasoma maisha ya mtunzi wake ni wachache mno. Kama nilivyosema mwanzoni, hapo ndipo tunapopoteza waandishi.

Bawabu wa leo

Hakuna tena kibao cha rangi mlangoni. Huduma ya Taifa ya Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na tangu mwaka 1996 vitabu vimepelekwa kwa wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia. Jijini Nairobi, Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limezikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara na kushughulikia McMillan yenyewe. Watoto wa Eastlands sasa huketi kwenye vyumba safi. Haya ni mambo ya kupongezwa.

Hata hivyo bawabu bado yupo, kabadilisha tu mavazi. Leo bawabu ni mtihani. Mwanafunzi huambiwa asome kitabu teule kimoja, na hata hicho akisome kupitia mwongozo uliokwisha kumtafunia dhamira, wahusika na mbinu za lugha. Humo maisha ya mtunzi hupewa aya moja: kuzaliwa, kusoma, vitabu alivyotunga, basi. Mtoto hawezi kujiona ndani ya aya hiyo. Hajui kwamba Shaaban Robert alikuwa karani, wala kwamba Abrahams alijifunza kusoma akiwa amekwisha kufanya kazi za mikono.

Bawabu wa pili ni uhaba wa tafsiri. Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kuhusu pwani yetu hii hii, ilitoka mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupewa Tuzo ya Nobel. Miaka 28! Ni kana kwamba ilibidi Stockholm ituambie kwamba mtoto wa Unguja ana jambo la kutuambia.

Nini basi kifanywe? Walimu wanaweza kuanza kesho bila bajeti yoyote: kila riwaya inayofundishwa iandamane na saa moja ya maisha ya mtunzi, kutoka kwenye tawasifu au mahojiano yake, si kutoka kwenye mwongozo. Wakutubi wanaweza kuitenga rafu moja, hata ndogo, ya tawasifu na wasifu kwa Kiswahili, na kuiandika jina waziwazi, kama ile aliyoikuta Abrahams. Nasi wasomi wa Kiswahili tuache kuandikiana wenyewe kwa wenyewe katika majarida. Wapo watunzi wetu wengi, walio hai na waliotangulia, ambao hawajaandikiwa wasifu hata wa kurasa mia moja kwa lugha waliyoitumikia maisha yao yote. Wale walio hai wanazeeka, na kumbukumbu zao zinazeeka nao.

Naye msomaji wa kawaida nina ombi dogo kwake. Ukienda maktabani wiki hii kumpeleka mwanao, usimwache dirishani na daftari lake. Nenda naye hadi kwa mkutubi, umwombe kitabu cha maisha ya mtunzi yeyote ambaye mtoto amewahi kulisikia jina lake. Wright alihitaji kadi ya mtu mwingine na uongo wa kujidai mbumbumbu. Mwanao anahitaji kuonyeshwa rafu tu.